Ushauri: Mama ana kisukari, anataka kuacha vidonge ahamie unga wa mitishamba

Kifungua Mimba:
Wakuu, habari za muda huu. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, miaka mingi sasa. Anatumia vidonge vya kushusha sukari, metfomini na glibenklamidi. Juzi kati shoga yake kamletea kopo la unga "wa mimea asilia tupu". Halina orodha ya vilivyomo, kaambiwa tu alambe kijiko kabla ya kifungua kinywa, na mbele ya safari vidonge avitupe. Kipimo cha kidole kweli kinasoma chini kuliko zamani, kwa hiyo bi mkubwa haambiliki. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ikifika saa nne asubuhi anatokwa jasho, mikono inatetemeka, na anakuwa mkali bila sababu. Akipata kitu kitamu anatulia. Yeye anasema ni sumu zinatoka mwilini. Kuna mmea au chakula cha kuchukua nafasi ya vidonge kweli?

Mzee Karela:
Pole mkuu. Mimi ni mtu wa karela, lile tunda chungu, na uwatu miaka yote. Mbegu za uwatu naloweka usiku, asubuhi natafuna na maji yake nakunywa. Zinanisaidia. Lakini vidonge sijaacha, na daktari wangu anajua kila ninachokunywa.

Tiba Orijino:
Vidonge vinaua figo! Tuna dozi inayomaliza kisukari kabisa. Njoo PM.

Nesi Mstaafu:
Tiba Orijino, kinachoua figo ni sukari kukaa juu miaka nenda rudi, na presha juu yake. Metfomini haiharibu figo. Figo zikishachoka ndipo daktari anapunguza dozi au anaisimamisha. Acha kuwatisha watu.

Kifungua Mimba, hiyo si sumu inayotoka, ni sukari kushuka kupita kiasi. Jasho, kutetemeka, hasira za ghafla, na nafuu akipata kitamu: ndivyo inavyokuja. Ikimpata tena, mpime papo hapo. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, mpe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, halafu ale chakula. Kipimo kikiwa mbali usisubiri, mpe sukari kwanza. Akipoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, kimbizeni hospitali. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kupanda kidogo kisha ikashuka tena.

Sasa huo unga. Mimea kama karela inaweza kushusha sukari, na ikikutana na glibenklamidi zote mbili zinaisukuma sukari chini. Ila mimi nina shaka kubwa zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeshakuta "dawa za asili" za kisukari zilizochanganywa na vidonge vya hospitali kimyakimya. Singapore mwaka 2008 watu wasio na kisukari kabisa walilazwa sukari ikiwa imeporomoka, kisa dawa za nguvu za kiume zilizotiwa glibenklamidi kwa siri. Wanne walifariki. Huenda mama anakunywa kidonge kilekile mara mbili bila kujua.

Kifungua Mimba:
Duh. Kwa hiyo leo hii aache unga, au apunguze vidonge?

Nesi Mstaafu:
Unga auache. Vidonge usivikate mwenyewe; pigeni simu kliniki leo, muwaeleze hizo dalili, na mkienda mbebe kopo. Glibenklamidi asiimeze halafu akakaa bila kula. Na mpime mara kwa mara, maana kama ungani mlikuwa na dawa, akiacha sukari itapanda. Wataangalia pia HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, siyo asubuhi moja tu.

Sahani Kwanza:
Kuhusu chakula, wakuu, hapa ndipo penye nguvu kuliko makopo yote. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, 2017, uliwapa watu wenye kisukari aina ya pili kisichozidi miaka sita mlo wa kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya usimamizi. Baada ya mwaka, karibu nusu sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila kidonge chochote. Waliopungua kilo nyingi ndio waliofaidika zaidi. Bi mkubwa ana miaka mingi nacho, tena anatumia glibenklamidi, kwa hiyo asijinyime chakula kienyeji. Yeye aanze hivi: nusu ya sahani iwe mboga zisizo za wanga, robo maharage, samaki au nyama, robo wanga usiokobolewa. Aanze na mboga, wanga uje mwisho. Hivyo sukari haipandi kwa kasi. Kisha atembee kidogo baada ya kula. Na asali ni sukari, jamani, hata ikitoka porini.

Mzee Karela:
Na dalasini je? Kuna mtu kanishauri vijiko viwili kila siku.

Nesi Mstaafu:
Mzee wangu, kwenye chakula tia. Vijiko kila siku hapana. Dalasini ya kawaida, ile kasia, ina kemikali iitwayo kumarini, na ikizidi inaumiza ini. Matokeo yake kwenye sukari yenyewe tafiti hazikubaliani. Na uwatu wako, kama unatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari kabla ya kuloweka tena.