Winchester Model 70 ya urithi: nijuaje kipi orijino na kipi kimebadilishwa?

MtotoWaMzee
Wakuu habarini. Mzee kaniachia Winchester Model 70, risasi zake .375 H&H, namba yake ya utambulisho inaanza na 215, leseni ishahamia jina langu. Sasa kuna jamaa anaitaka, anasema ni ya kabla ya 1964 (kabla kiwanda hakijabadilisha muundo) na kila kitu chake orijino, ila fundi mmoja hapa Arusha kaniambia kitako kimeguswa na mtutu hana uhakika nao. Naanzia wapi kuangalia?

Mkongwe_Porini
Kwanza hakikisha haina risasi, chemba na magazini. 215 elfu na kitu hiyo ni ya 1952 hivi. Chomoa bolti, kile chuma unachovuta nyuma kuingiza risasi, uigeuze, chini yake kuna namba imechorwa kwa kalamu ya umeme, ukiiona ni kama mwandiko wa mtu, inatakiwa ifanane na ya kwenye risiva, yaani chuma cha katikati bolti inamokaa. Zisipofanana bolti imetoka kwenye bunduki nyingine, usiipige hata moja mpaka fundi aipime na geji, kuona kama bolti inafunga sawasawa nyuma ya risasi. Halafu toa mbao yote ya kitako uangalie chini ya mtutu, kuna tarakimu mbili za mwaka. 51 au 52 poa, kiwandani walikuwa wanafunga mitutu iliyokaa stoo, ila ukikuta 60 ujue huo ulikuja baadaye. Na ile alama ya WP ndani ya yai, ya kuonyesha Winchester waliijaribu kiwandani, iwepo kwenye mtutu na kwenye risiva, ukiona mtutu una P tupu huo uliuzwa kama spea.

fundi_mbao
Kitako usiangalie raba ya mwisho, ile inayokaa begani, .375 zilitoka nayo kiwandani. Angalia mbao inapokutana na chuma, mbao ikiwa imeshuka chini ya chuma hapo msasa umepita, pia michoro ya kushikia inakuwa butu mtu akikwangua vanishi. Chuma nacho hivyohivyo, maandishi yakififia kingo na matundu ya skrubu yakibonyea kama visahani, imepigwa polishi ikatiwa rangi upya. Vichwa vya skrubu vikiwa vimechubuka kuna mtu kashaingia humo.

MtotoWaMzee
Shukrani sana wakuu. Bolti inafanana, mtutu 51, WP zote zipo. Mbao ndo imeshuka kweli, na kuna matundu mawili ubavuni kushoto mwa risiva, nani alitoboa?

Mkongwe_Porini
Hayo ya kushoto ni ya kiwandani bwana, ya kufungia saiti ya nyuma. Juu yawe manne ya darubini, mawili mbele mawili nyuma, likizidi hapo ndo uulize.

MtotoWaMzee
Juu ni manne tu.

fundi_mbao
Basi chuma ni chake, kilichoguswa ni mbao. Mwambie mnunuzi hivyohivyo na bei ishuke kidogo, na asikupe mtu wazo la kuipiga vanishi mpya ing'ae, wakusanyaji ndo wanakimbia kabisa. Mimi ningekuwa wewe nisingeuza, ila hiyo ni yako mkuu.