Tupeane uzoefu: umewahi kuandika kazi ya somo moja kwa mtindo wa somo lingine?

Pipeti
Wakuu, habari zenu. Mimi nilisoma Kemia na Biolojia, ila mwaka wa kwanza DS (Development Studies, somo la maendeleo ya jamii) ilikuwa ya lazima kwa wote. Asainimenti ya kwanza ilihusu Azimio la Arusha, lile la Februari 1967 lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania. Nikaiandika kama ripoti ya maabara: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, tarehe zote zimepangwa. Ikarudi na 9 kwa 20, na swali moja la wino mwekundu: "Kwa hiyo wewe unasemaje?"

Nilishangaa. Maabara tulifundishwa kujiondoa, uandike "mililita 25 zilipimwa", si "nilipima". Huku nilitakiwa nisimame na hoja yangu. Nikaandika upya: serikali iliweza kushika benki ndani ya Februari 1967 hiyohiyo, lakini kumhamisha mkulima kwenda kijiji cha ujamaa haikuwa kazi ya kutangaza tu, mpaka 1973 ikawa amri. Ukweli ni uleule niliokuwa nao mwanzo, sasa ukawa unabeba kitu.

Nyie yaliwakuta yapi?

Binti Fasihi
Mimi ni kinyume chako, kaka. Natoka Fasihi, nikachukua somo moja la mazingira lenye maabara. Kwenye titresheni, yaani kudondosha besi kidogokidogo kutoka kwenye bureti (mrija wenye vipimo) mpaka imalize asidi, nikaandika kwamba mchanganyiko "uligeuka waridi iliyokolea, ya kupendeza". Nilijivunia ile sentensi! Mwalimu akaizungushia duara: kwa fenolfthaleini, ile kemikali ya kuonyesha mwisho kwa rangi, mwisho ni pale waridi hafifu inapotokea na kubaki. Ikikolea, umeshapitiliza, na ujazo ulioandika ni mkubwa kuliko halisi. Yaani kivumishi changu ndicho kilichomwonyesha kosa la mkono wangu. Alinirudisha kwenye bureti, nikarudia mara tatu. Tangu siku hiyo nikichagua neno la rangi, hata kwenye uhakiki wa shairi, najiuliza nimeona nini hasa.

Mzee wa Jalada
Kwangu ilikuwa marejeleo. Sosholojia walitaka jina na mwaka ndani ya mabano, Historia wakataka tanbihi chini ya ukurasa. Niliona ni usumbufu mpaka nilipotumia barua za enzi ya Wajerumani kuhusu Majimaji. Jina na mwaka havimfikishi msomaji kwenye karatasi ile. Anahitaji namba ya jalada.

Nesi Mtafiti
Msimamizi wangu wa tasnifu alifuta neno "imethibitika" kila lilipotokea. Nilihoji kina mama 40, kituo kimoja. Akaniambia andika "inaashiria". Niliumia, ila alikuwa sahihi: kituo cha jirani huenda wangejibu tofauti kabisa.

Mwaka wa Kwanza
Shikamooni. Niko Fizikia, nina asainimenti ya DS Ijumaa na nimeshaweka vichwa vidogo saba. Nivifute?

Pipeti
Marahaba mdogo wangu. Usivifute kwanza. Chini ya kila kimoja andika sentensi moja ya unachodai. Kile utakachokosa cha kudai, hicho ndicho ukitoe. Ukikwama tuma hapa kabla ya Alhamisi, nitasoma.