MC wetu wa New York kanifanya NYUKI mbele ya ukumbi mzima, sikubali

Wakuu nimefika home saa nane usiku, hata hereni sijavua, naandika. Yule MC. Mnamjua, simtaji, hakuna sendofu ya Waswahili Bronx iliyomkosa, ukijifungua mapacha leo atatokea leba na maiki yake.

DJ kapiga ile ya Eminem na Rihanna ya 2013, The Monster, mimi kwa roho safi nawaambia wenzangu mezani kiitikio kile yumo yule mwimbaji Bebe Rexha kwenye kukiandika, mtoto wa Kialbania mzaliwa wa hapa hapa Brooklyn, kakulia Staten Island, jina lake hasa Bleta, kwao maana yake nyuki. Basi. Naongea na meza, si taifa. Kumbe mtu kasimama nyuma yangu anasubiri supu. Kashika maiki: "Jamani dada wa gauni la kijani anasema Rihanna anatungiwa nyimbo na NYUKI." Halafu akafanya bzzzzzz. Kwenye maiki. Na mwangwi juu. Bibi harusi kacheka mpaka kope ikadondoka, kichanga kilichokuwa kimelala kikaamka nacho kikacheka.

Bzzzz?? Mimi mtu mzima na mjukuu, nafanyiwa bzzzz?

Ile Meant to Be aliyoimba Bebe na kundi la Florida Georgia Line ilikaa wiki 50 namba moja chati ya kantri. Hamsini! Ndoa ngapi alizosherehesha huyo MC zimefika wiki 50? Na Hey Mama ya DJ David Guetta, 2015, kiitikio anaimba Bebe, mwanzoni hata jina hawakumwandika, dunia nzima ikajua ni Nicki Minaj. Kazoea kufutwa mwenzangu, mimi sijazoea. Na gauni langu linahusu nini? Bebe mwenyewe 2019 alisema wabunifu wamekataa kumvisha Grammy eti mnene, akavaa akaenda.

Wakati wa chakula sasa: "Meza ya mzinga, karibuni." MZINGA.

Babu_wa_Yonkers: Bzzzzzz

KakaQueens: Nilikuwepo. Kope haikudondoka, ilining'inia. Tuseme ukweli.

Mlevi_Mstaarabu: Kwani mezani mzinga ulikuwepo au mliitwa tu? Maana kwetu tulipewa soda.

MamaAsha_NJ: Pole dada angu, ila Bebe 2023 alirushiwa simu ya uso akiwa stejini hapo hapo New York, akashonwa nyuzi kwenye nyusi. Wewe umerushiwa bzzz tu unatuandikia risala.

Mleta uzi: Aliyerusha simu alikamatwa mama! Huyu wetu KALIPWA!

KakaQueens: Mi huyo dada namjua kwa ile I'm Good ya 2022 na Guetta. Si wameupasha moto tu ule wimbo Blue wa zamani wa kundi la Eiffel 65?

Mleta uzi: Kuupasha moto ndo nini? Kaimba upya kabisa we mtoto.

MamaAsha_NJ: Mmesema kupasha moto, ile pilau ya jana ilikuwa ya lini??

Babu_wa_Yonkers: Ahsante! Mchango nimetoa dola 150, nyama nimeona mbili, moja mfupa, nyingine sijui kiazi.

Mlevi_Mstaarabu: Afadhali wewe, meza yetu sambusa tulizisikia harufu tu. Kuna mtu kabeba, nasema kuna mtu kabeba.

Mleta uzi: Jamani si tulikuwa tunaongelea lile bzzz

Mlevi_Mstaarabu: Dada Nyuki, meza yenu ilikuwa mlangoni kwa jiko. Nani kabeba sambusa?

Mleta uzi: Mama mmoja wa ushungi wa zambarau. Na beseni kaja nalo toka nyumbani. Simtaji.

MamaAsha_NJ: Ushungi wangu ni wa bluu, tusivunjiane heshima.