MX-5, RX-8 au Boxster? Nataka gari la spoti lililotumika, naombeni mawazo

Pistoni_Ndogo (mleta mada)
Habari wakuu. Nimejibana muda mrefu, sasa nataka kujipa zawadi. Nimeona magari matatu, bei zinakaribiana: Mazda MX-5 ya 2001, Mazda RX-8 ya 2005 na Porsche Boxster ya 2000. Kwa picha yote ni masafi. Nichukue lipi? Naombeni majibu ya haraka, wauzaji wanasema kuna watu wengine wanayataka.

MzeeWaKlachi
Mkuu, weka nyama. Hela ya kununua unayo, ya kutunza je? Hili ndilo gari lako pekee au kuna lingine nyumbani? Kwa siku unatembea umbali gani? Una fundi? Wewe ni mrefu au mfupi? Gia za mkono au otomatiki? Bila hayo kila mtu atakushauri ununue analolipenda yeye.

Halafu hao "watu wengine" wapo kwenye kila tangazo. Mwambie muuzaji awape.

Turbo_Bila_Intakula
Boxster. Porsche ni Porsche. Mjadala ufungwe.

SpanaNambaKumi
Haufungwi. Boxster ya 2000 ni ile ya kwanza, 986, injini ya M96. Ndani yake kuna shafti ya kati inayozungushwa na cheni, na mwisho wa shafti hiyo kuna beringi. Ikisagika, taimingi (mpangilio wa valvu na pistoni kwenda pamoja) inaruka, valvu zinagonga pistoni, injini kwisha. Si kila gari linapatwa na hilo, na mengi yametembea mpaka leo bila shida. Ila kuibadilisha lazima giaboksi ishushwe, ndiyo maana wenye akili wanaibadilisha pamoja na klachi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: klachi ilibadilishwa lini, na risiti iko wapi? Injini zisizo na beringi hiyo zilianza na modeli za 2009, na hizo hazipo kwenye bei yako.

Angalia pia rejeta. Zipo mbele, kona mbili za bampa, na zinajaa majani makavu mpaka zinaoza. Chukua tochi, chungulia kwenye matundu ya bampa.

Turbo_Bila_Intakula
Mnamtisha mwenzenu. Kila gari lina ugonjwa wake. Kuna raha ya kuweka injini nyuma ya mgongo wako ambayo hizo Mazda hazitampa.

SpanaNambaKumi
Toyota MR2 nayo ina injini nyuma ya mgongo, na spea zake ni za Toyota.

Turbo_Bila_Intakula
MR2 ya 1999 kuendelea haina hata buti. Begi unaweka wapi, mapajani?

DadaRota
Mimi natetea RX-8, maana najua itasemwa vibaya tu hapa. Viti vinne, milango ya nyuma inafunguka kinyume, usukani mwepesi, na injini ya toleo la juu inazunguka mpaka mizunguko 9,000 kwa dakika bila kulalamika. Wanaoiharibu ni watu wanaoiendesha kama gari la kawaida. Injini ya rota, yaani isiyo na pistoni bali vipande vya pembe tatu vinavyozunguka, inachoma oili kwa makusudi: kuna pampu inayopeleka oili kidogo kwenye chemba ili kulainisha zile sili za kwenye ncha za rota. Usipopima oili kila ukijaza mafuta mara mbili, utaiua mwenyewe. Na usiwashe ikiwa baridi, ukaisogeza hatua chache, ukazima. Mafuta yanajaa kwenye chemba, plagi zinalowa, haiwaki tena.

Kabla ya kununua lazima ipimwe kompresheni (nguvu ya mgandamizo ndani ya injini), na ipimwe kwa kifaa cha injini za rota. Kipimo cha injini ya pistoni kinakuonyesha namba moja tu, wakati kila rota ina nyuso tatu. Uso mmoja unaweza kuwa umekufa na usijue.

Kijiti_cha_Gia
Injini ya 1.3 kwenye gari la spoti 😂 si bora pikipiki.

DadaRota
Ni rota mbili, kila moja sentimita za ujazo 654. Mazda walishinda saa 24 za Le Mans mwaka 1991 kwa injini ya rota, yenye rota nne. Pikipiki gani hiyo?

Kijiti_cha_Gia
Sawa, lakini ya Le Mans ilihitaji kuishi saa 24 tu.

DadaRota
Nimekusikia.

MzeeWaKlachi
Mleta mada yuko wapi? Watu wanagombana humu, mwenye harusi hayupo.

Pistoni_Ndogo (mleta mada)
Nipo wakuu, nasoma. Majibu: litakuwa gari pekee kwa sasa. Nina urefu wa sentimita 190. Gia za mkono. Fundi ninaye, ila amezoea magari ya familia. Watoto ninao wawili lakini bado wadogo.

Kijiti_cha_Gia
"Lakini bado wadogo" 😂😂 Kaka, magari mawili kati ya matatu uliyoleta yana viti viwili.

SpanaNambaKumi
Hapo MX-5 na Boxster umezitoa mwenyewe. Na hata kama usingekuwa na watoto, MX-5 ya 2001 usukani wake haupandi wala haushuki. Kwa urefu wako magoti yatakaa usukanini na macho yatakuwa usawa wa ukingo wa kioo. Wapo warefu wanaochonga sponji ya kiti ili washuke kidogo. Jaribu kukaa kabla ya kufikiria chochote.

Bwana_Turubai
Nimeumia moyo MX-5 kutolewa kirahisi hivyo. Ilianza 1989, ilipofika 2016 zilikuwa zimetengenezwa milioni moja, hakuna gari la spoti la viti viwili lililowahi kuuzwa kuliko hilo. Uzito wake ni tani moja na ushee tu, kwa hiyo breki, matairi na klachi vinadumu. Adui yake ni kutu. Maji ya paa la turubai yanashuka kwa vimfereji nyuma ya viti. Vimfereji vikiziba, maji yanaingia kwenye boksi la bodi chini ya mlango na linaoza kuanzia ndani. Nje rangi inang'aa, ukibonyeza kwa kidole gumba mbele ya tairi la nyuma, kidole kinazama. Kwenye hizi za toleo la pili, zilizoanza 1998, chungulia pia zile nguzo mbili za chesisi mbele, chini ya injini.

Mkuu, nunua MX-5, na gari la watoto ulitafute baadaye.

Kijiti_cha_Gia
MX-5 si gari la kike lakini?

DadaRota
Niletee huyo mwanaume wa gari la kiume tukutane kwenye kona.

AltezaDaima
Kwa nini hakuna aliyetaja Toyota Altezza? Viti vitano, inasukuma kwa matairi ya nyuma, na toleo la RS200 lina injini ya 3S-GE na gia sita. Watoto nyuma, wewe mbele unafurahi. Fundi wake wa magari ya familia hatashangaa akifungua boneti.

Funguo_Mfukoni
Au Toyota Celica ya mwisho, ile yenye injini ya 2ZZ-GE, gia sita. Viti vinne, buti kubwa, haina mambo ya ajabu. Ila usiichanganye na yenye 1ZZ: za kabla ya 2003 nyingi zilikuwa na ugonjwa wa kula oili kwenye ringi za pistoni.

Turbo_Bila_Intakula
Celica inavuta mbele. Gari linalovuta mbele si la spoti.

Funguo_Mfukoni
Lotus, watengenezaji wa magari ya spoti, walichukua injini hiyohiyo ya 2ZZ wakaiweka kwenye gari lao la Elise. Kawaambie.

Turbo_Bila_Intakula
Na walipoichukua waliiweka wapi? Katikati, inasukuma nyuma. Umenijibia.

Mkongwe_wa_Foleni
Mleta mada, acha hao. Nikupe mkasa uusome kabla hujatoa hela. Gari silitaji, maana mbaya hakuwa gari, alikuwa mtu.

Nilikwenda kuliona jioni. Limeoshwa, matairi yamepakwa dawa yanameremeta, ndani kunanukia. Nikagusa boneti, ya moto. Muuzaji akasema ametoka nalo dukani sasa hivi. Tukawasha, likaitika mara moja. Tukazunguka nalo, linavuta, gia zinaingia kama siagi. Tukaandikishana.

Kesho yake asubuhi nawasha injini ikiwa imepoa kabisa: linagongagonga mbele kwa sekunde kadhaa, kisha linanyamaza. Nikalipeleka kwa fundi wangu. Boneti hakufungua. Alikaa kwenye kiti, akazungusha funguo bila kuwasha injini, akaniambia, "Nihesabie taa." Ya betri ipo. Ya oili ipo. Breki ya mkono ipo. Mkoba wa hewa upo. Ya injini haipo. Na ile taa inatakiwa iwake ukifungua swichi, ndipo izime injini ikishanguruma. Tukafungua dashibodi. Nyuma ya ile alama kumebandikwa kipande cha utepe mweusi, kimekatwa kwa mkasi saizi ya alama yenyewe, kona zimezungushwa vizuri. Mtu alikaa mezani akafanya ile kazi kwa utulivu.

Kuunganisha mashine, makosa yakamiminika. Kumwaga oili, inatoka nzito inajivuta. Ilitiwa ile ili kelele za taimingi cheni zisisikike injini ikishapata moto, ndiyo maana lilikuwa na moto nilipofika. Cheni, vikazio vyake na gia zake vyote vikabadilishwa kwa hela yangu. Muuzaji hapatikani kwenye simu mpaka leo.

Kwa hiyo: nenda asubuhi, mwambie asiliwashe kabla hujafika, ukikuta boneti ya moto geuza urudi. Na hesabu taa.

Kijiti_cha_Gia
Pole sana mkuu. Gari gani hilo?

Mkongwe_wa_Foleni
Nimesema silitaji.

Kijiti_cha_Gia
Herufi ya kwanza tu.

MzeeWaKlachi
Nakazia ya Mkongwe. Mimi naongeza matairi, maana hapa ndipo magari ya spoti yanapodanganya watu. Mengi yanakaa gereji zaidi ya barabarani, kwa hiyo tairi linakuwa na kashata (meno) zote lakini mpira umeshakuwa mgumu. Tafuta zile tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu. 2314 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya 2014. Watengenezaji wengi wanasema miaka 10 ndiyo mwisho, hata kama halijatumika. Na angalia kama manne yote ni ya chapa moja. Mtu aliyefunga chapa nne tofauti kwenye gari linalosukuma nyuma, oili alikuwa anabadilisha lini?

Pistoni_Ndogo (mleta mada)
Nashukuruni wakuu. RX-8 muuzaji amekataa isipimwe kompresheni, anasema "injini ni nzima, kwa nini uipime". Boxster hana risiti ya klachi. Jumamosi naenda kuona Celica, ila na MX-5 nitapita nikae tu nione magoti.

Bwana_Turubai
Ukikaa umekwisha. Karibu chamani.

AltezaDaima
Altezza hamjaijibu.

MzeeWaKlachi
Mleta mada, na mama watoto anajua habari hizi?

Rubani_wa_Nchi_Kavu
Samahanini naingilia. Baada ya kusoma hapa nimekwenda kuangalia matairi yangu, sizioni hizo namba nne.

MzeeWaKlachi
Zinaandikwa kamili upande mmoja tu. Huenda zimegeukia ndani. Ingia chini na tochi.

Rubani_wa_Nchi_Kavu
Nimeziona. Manne yako sawa. Ila tairi la akiba lina tarakimu tatu tu: 418. Hiyo inasomekaje?

MzeeWaKlachi
Tatu ni za kabla ya 2000. Wiki ya 41, mwaka unaoishia na 8. Ukiwa na bahati ni 1998.

Rubani_wa_Nchi_Kavu
Lakini kashata zote zipo.