"Simba" ni neno letu au tuliliazima Uhindini?

Wakuu, kila likiguswa neno "simba" hakosi mtu wa kutuambia asili yake ni Kisanskriti: kule ni "simha", ndiyo maana kuna Singapore ("singa" na "pura", mji wa simba) na kuna akina Singh. Kufanana sikatai. Ninachokataa ni udugu.

Nendeni kwa Wazulu. Simba wanamwita "ibhubesi", ila "insimba" wanalo pia, na kwao ni kanu: yule mnyama mdogo wa usiku, mwili wa madoadoa, mkia mrefu wa pingili nyeusi, mwizi wa kuku. Pandeni hadi Buganda. Simba ni "mpologoma", na "kasimba" ni kanu yuleyule. Kuna ukoo mzima ambao kanu ndiye mwiko wake. Mzizi mmoja, kusini kabisa na kaskazini, kwa watu wasiopakana. Jahazi gani la Uhindini lilifika Buganda kugawa jina la kanu?

— Mkuu, taratibu. "Gari" na "laki" zimetoka huko huko. Na Wagujarati waliokuja na pepo za msimu, kwao msitu wa Gir una simba hadi leo. Walishindwaje kutuachia jina?

Gari lilikuja na jina lake. Simba alikuwa anatula kabla hawajatia nanga.

— Hata samaki tulikuwa tunawala. Mbona "samaki" ni Kiarabu, na "nswi" limebaki kwa wazee wa pwani na washairi?

Hapo umenipiga, hoja hiyo naifuta. Nabaki na sauti. Tunajua Singh alipoingia kinywani mwa Mswahili aligeuka nini: Singasinga. Wamalai nao walipolichukua "simha" wakapata "singa". Wote wameangukia g.

— Singh ni wa juzi, mkuu. Neno la zamani lingeweza kupita njia nyingine.

Lingeweza, nakubali. Basi nionyesheni lugha moja tu iliyolipokea "simha" ikatoa b. Na mkishaipata, mnieleze pia ilikuwaje mfalme wa nyika akafika kwa Waganda na Wazulu akiwa mwizi wa kuku.