Majirani wa Columbus 🏈: kikao cha ulinzi kabla ya Texas

*Jumatatu, 4 Agosti 2025*

18:02 Salma Katibu: Habari za jioni wapendwa. Kikao cha tathmini ya msimu wa Buckeyes, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha Ohio State, ni Jumamosi hii tarehe 9, saa saba mchana, kwa Juma. Tarehe 30 Texas wanatua hapa hapa Ohio Stadium, na mwaka huu sitaki watu wa kupiga kelele bila kujua wanachoshangilia. Mada ni MOJA: ulinzi. Mchango dola 20. Thibitisheni.

18:03 Salma Katibu: Tuko 31 humu. Nasubiri.

18:41 Salma Katibu: Naona mmesoma.

18:44 Baba Kelvin: Niko. Lakini kwanza pole kwa Papa Didi kwa ile ya jana Kasarani 😂 Kenya 1 Kongo 0

18:45 Juma: 😂😂😂

18:52 Papa Didi: Bandugu muniache. Mashindano ndiyo yameanza.

18:53 Salma Katibu: Papa Didi, unakuja au huji?

18:58 Baba Kelvin: Mpe muda, bado anatafuta beki 😂

19:04 Salma Katibu: Naweka takwimu hapa ili Jumamosi tusibishane. Msimu wa 2024: ushindi 14, kupoteza 2, ubingwa. Pointi tulizofungwa ni 206 kwa mechi 16, wastani 12.9, nafasi ya kwanza nchi nzima. Yadi tulizoruhusu 254.6 kwa mechi, nafasi ya kwanza pia.

19:09 Baba Kelvin: Dada Salma, huo wastani umepakwa asali. Toa vibonde: Akron (6), Western Michigan (0) na Purdue (0). Zinabaki pointi 200 kwa mechi 13. Hiyo ni 15.4.

19:12 Salma Katibu: Na 15.4 bado ni ulinzi wa kuogopwa. Halafu ukitoa za asali toa na zisizo za ulinzi. Zile 13 za Penn State, 7 ni pasi ya kwotabeki (mrushaji) wetu Will Howard iliyodakwa na wapinzani ikarudishwa hadi tachidauni, yaani hadi golini kwetu. Ulinzi wenyewe ulitoa fildigoli mbili tu, zile za kupiga kwa mguu, pointi 3 kila moja.

19:13 Baba Kelvin: Hapo sawa.

19:15 Mama Neema: Mimi naleta maandazi. Hizo yadi mtanieleza hapo hapo.

19:16 Salma Katibu: Asante mama. WENGINE?

19:30 Juma: Projekta ipo. Napendekeza tuanze na Jack Sawyer dhidi ya Texas, watu wachangamke. Jaribio la nne, yaani la mwisho, yadi 8 kufika golini, tunaongoza 21-14. Anampokonya kwotabeki wao Ewers mpira, anakimbia nao yadi 83. Tena waliwahi kukaa chumba kimoja hapa chuoni 2021!

19:31 Tumaini: Mwenzako wa chumbani akufanyie vile 😭 mimi kodi ningemdai upya

19:31 Baba Kelvin: 😂😂 na deposit

19:32 Papa Didi: 😂😂😂

19:34 Salma Katibu: Papa Didi anacheka lakini hathibitishi.

19:37 Salma Katibu: Juma, kila mtu ameshaiona ile mara mia. Cha kutazama pale ni majaribio matatu ya kabla. Texas walikuwa na jaribio la kwanza yadi 1 kutoka golini. Wakakimbia katikati, wakapata sifuri. La pili wakamtupia mkimbiaji wao Wisner mpira pembeni, akapoteza yadi 7. Hapo ndipo mechi iligeuka, Sawyer alikuja kuvuna tu.

19:38 Juma: Kwa nini walitupa pembeni wakiwa na yadi moja?

19:40 Salma Katibu: Kwa sababu katikati palikuwa pamefungwa. Ubaya wake, ukiutupa mpira pembeni mkimbiaji anaupokea akiwa yadi kadhaa nyuma, na karibu na goli hakuna uwanja wa kutawanya mabeki. Wote wameshasogea mbele. Mmoja akipenya kabla mkimbiaji hajageuza mabega, yadi 1 inakuwa 8. Na kwa yadi 8 lazima urushe, na ukirusha Sawyer anajua unarusha.

19:44 Tumaini: Penn State nao ilikuwa hivyohivyo?

19:47 Salma Katibu: Penn State walifanya kinyume. Jaribio la kwanza wako yadi 3. Wakampa mkimbiaji wao Kaytron Allen mara tatu mfululizo katikati, hakufika. La nne wakarusha, ikaanguka. Wekeni vipande hivi viwili pamoja. Ukielewa vyote viwili umeelewa wanne wa mbele: Sawyer, Tyleik Williams, Ty Hamilton na Tuimoloau.

19:50 Baba Kelvin: Wote wanne sasa wako NFL, ligi ya kulipwa.

19:51 Salma Katibu: Tutafika huko.

20:05 Baba Kelvin: Mimi nasema tuanze na Oregon. Ile ya kwanza, 12 Oktoba, tuliyofungwa 32-31. Ndiyo ilifumua kila kitu. Kwotabeki wao Dillon Gabriel alirusha yadi 341, mdakaji Evan Stewart peke yake 149. Na Gabriel hakulazwa (kuangushwa akiwa na mpira) hata mara moja.

20:08 Juma: Kosa la beki wetu Denzel Burke.

20:12 Baba Kelvin: Si la Burke peke yake. Beki wa pembeni akimkaba mtu puani bila msaada wa nyuma, anategemea wale wanne wa mbele wafike ndani ya sekunde mbili na nusu hivi. Gabriel alikuwa anaachia mpira mapema, au wanamzuilia vizuri anapata muda wote. Wanne hawafiki, malainibeka (walinzi wa katikati) hawatumwi, Burke anabaki jangwani. Ungemweka mwingine angechomwa vilevile.

20:15 Salma Katibu: Ndiyo maana Oregon ya Oktoba na Oregon ya robo fainali, Rose Bowl, zitazamwe pamoja. Tarehe 1 Januari tulimlaza Gabriel mara 8, na Oregon kwa kukimbia wakapata yadi −23. Msishangae hiyo hasi: mpira wa vyuo hukata yadi za kulazwa kwotabeki kwenye hesabu ya kukimbia. NFL wanakata kwenye pasi.

20:17 Mama Neema: Hasi 23! Sasa hao walikuwa wanaelekea wapi?

20:17 Tumaini: Nyumbani 😂

20:19 Juma: Kilichobadilika nini hasa? Wachezaji si walewale?

20:26 Baba Kelvin: Knowles, kocha wetu wa ulinzi msimu ule, alianza kuficha. Kabla ya mpira kutoka mikononi mwa senta unaona mabeki wawili wa nyuma wamekaa mbali. Mpira ukitoka, Caleb Downs anashuka mbele, mwingine anateleza katikati. Kwotabeki alichosoma si anachokikuta. Halafu lainibeka anatumwa, mtu wa pembeni mbele anarudi nyuma kukaba. Wanaoshambulia bado ni wanne, ila wazuiaji hawajui ni wanne gani. Mzuiaji akimsubiri yule aliyerudi nyuma, Cody Simon ameshapita.

20:28 Salma Katibu: Hicho hasa ndicho nataka Jumamosi. UTARATIBU: vipande 6 kwa mechi, kila kipande mara tatu. Mara ya kwanza macho kwa wanne wa mbele, ya pili malainibeka, ya tatu mabeki wa nyuma. Mpira msiufuate kabisa. Juma, tafuta marudio yaliyopigwa nyuma ya goli, kamera ya kawaida ya TV inawakata mabeki wa nyuma, hutaona wanavyobadilishana.

20:29 Salma Katibu: Kwa hiyo: Oregon mbili, Penn State na Texas za golini, fainali na Notre Dame. Nafunga orodha.

20:33 Juma: Na Michigan?

20:34 Salma Katibu: Michigan ilikuwa shida ya washambuliaji. Tulifunga 10. Fildigoli mbili tulikosa. Ulinzi ukitoa 13 hauulizwi kitu.

20:35 Baba Kelvin: Hata mimi sitaki Michigan kwa Juma. Tunajua ilivyoishia.

20:36 Juma: Ilivyoishiaje? Sema.

20:36 Baba Kelvin: Aliyezima TV anajijua.

20:37 Juma: Na aliyeondoka na sufuria ya watu anajijua.

20:38 Tumaini: 🍿

20:38 Mama Neema: Jamani.

20:39 Baba Kelvin: Sufuria ilirudi.

20:39 Juma: Ilirudi bila kifuniko.

20:40 Salma Katibu: NAOMBA TURUDI KWENYE MADA

20:41 *Ujumbe huu umefutwa*

20:41 Tumaini: Nimewahi kuusoma 😂😂

20:58 Mzee Athumani: Assalaam aleikum wanangu. Nimesoma yote tangu jioni.

20:59 Juma: Waaleikum salaam. Shikamoo mzee.

20:59 Baba Kelvin: Shikamoo mzee wetu.

21:00 Salma Katibu: Shikamoo baba.

21:06 Mzee Athumani: Marahaba. Anzeni na Michigan. Kwotabeki wao alirusha yadi 62 mechi nzima. Sitini na mbili. Wakakimbia 172, mkimbiaji wao Mullings peke yake 116. Mwishoni matokeo 10-10, Mullings akapita yadi 27 katikati ya ulinzi huo wa kwanza nchini, na ndiyo iliyowaleta karibu wakapiga fildigoli sekunde 45 zimebaki. Hizo yadi 27 hazikutoka kwa mpiga fildigoli wetu. Salma, usiwafiche watoto.

21:07 Mzee Athumani: Na Juma na Baba Kelvin, habari ya Novemba imetosha. Kama hamjapeana mikono kufika Jumamosi, mimi msiniite.

21:15 Baba Kelvin: Sawa mzee.

21:22 Juma: Nimesikia mzee.

21:24 Salma Katibu: Sawa baba. Michigan ya kwanza.

21:25 Salma Katibu: Ila kwa rekodi, tachidauni yao walianzia yadi 2 baada ya Howard kudakwa.

21:26 Mzee Athumani: Rekodi tumeiona.

21:48 Zuhura: Samahani, nilikuwa kazini. Kuhusu Michigan, kipo cha kuhesabu, na kinahesabika kwa macho. Wazuiaji watano wa mbele wanatengeneza mianya sita. Taitiendi (mzuiaji wa ziada wa pembeni) mmoja akiongezwa ni saba, wawili ni nane. Sisi tunacheza nne-mbili-tano, yaani wanne mbele, malainibeka wawili, mabeki watano. Nne na mbili ni sita. Mtu wa saba na wa nane lazima watoke kwa mabeki. Simamisheni video kabla mpira haujatoka, hesabuni waliopo karibu na mstari. Beki akiwa yadi 12 nyuma, anafika mwanyani Mullings akiwa na yadi 4 na mwendo umeshachanganya. Jitu zito kama lile ukiligonga hapo linaangukia mbele, zinakuwa 6. Jaribio la pili linabaki na yadi 4 kutimiza 10, wanakimbia tena. Na kwotabeki anayerusha yadi 62 hakukufanya umwache mtu nyuma kumwogopa.

21:50 Baba Kelvin: Zuhura ulikuwa wapi siku zote 👏

21:51 Tumaini: Mpeni nafasi ya Matt Patricia, kocha mpya wa ulinzi

21:55 Zuhura: Yeye ndiye ninayemhofia. Knowles ameenda Penn State, Patricia anatoka NFL, chuoni hajafundisha tangu Syracuse zaidi ya miaka 20. Na wa kuanza 8 kati ya 11 wamesajiliwa NFL: wale wanne wa mbele, Simon, Burke, Hancock na Ransom. Wamebaki Downs, Sonny Styles na Igbinosun. Nyuma sina wasiwasi. Mbele ni Caden Curry na Kenyatta Jackson, walikuwa wa akiba. Tukilazimika kutuma lainibeka kila mara ili tumfikie Arch Manning, kwotabeki wa Texas, mabeki watabaki jangwani kama ile Oktoba.

21:57 Salma Katibu: Zuhura, Jumamosi wewe ndiye mwenye rimoti.

21:58 Zuhura: Jumamosi naingia zamu saa kumi na moja jioni.

21:58 Salma Katibu: Saa saba tunaanza, utawahi.

*Jumanne, 5 Agosti 2025*

06:12 Kaka Hamisi: Nimeona sasa hivi. Ni lini?

06:15 Salma Katibu: Kaka Hamisi panda juu usome.

06:31 Kaka Hamisi: Jumamosi mchana haiwezekani. Taifa Stars na Madagascar, CHAN. Usiku wa Dar ndio mchana wa kwetu. Tumeanza kwa kuwafunga Burkina Faso 2-0, siwezi kukosa.

06:33 Tumaini: Weh kumbe. Hata mimi basi.

06:34 Juma: Mimi pia. TV ni moja.

06:40 Salma Katibu: Juma jana ulikubali!!

06:41 Juma: Jana sikuangalia ratiba.

06:44 Papa Didi: Mimi nilikuwa nakuja 😌

06:45 Baba Kelvin: Sasa ndiyo anathibitisha 😂😂

06:50 Salma Katibu: Stars kwenye TV, sisi na projekta chumba cha chini?

06:52 Juma: Sauti zitagongana. Na fainali ya Notre Dame inataka utulivu, ule mwendo wao wa kwanza peke yake ni michezo 18, yadi 75, karibu dakika 10. Kwotabeki wao Riley Leonard anakimbia kila mara. Nataka tuone nini kilirekebishwa baada ya pale, maana dakika chache ndani ya kipindi cha pili ilikuwa 31-7.

06:58 Salma Katibu: Basi tuanze Stars wakimaliza. Saa tisa na nusu.

07:01 Zuhura: Mimi saa kumi na moja kazini. Nitapata Michigan tu, tena nusu.

07:03 Kaka Hamisi: Jumapili je?

07:03 Baba Kelvin: Jumapili Kenya na Morocco 🙏 msiniguse

07:05 Tumaini: Ijumaa usiku?

07:06 Mama Neema: Ijumaa mzee yuko msikitini kisha analala mapema.

07:20 Salma Katibu: Waliotoa mchango hadi sasa: Mzee Athumani 40, Mama Neema 20. WATU WAWILI KATI YA 31. Nyama haijinunui.

07:22 Baba Kelvin: Natuma jioni.

07:22 Tumaini: Natuma Ijumaa mshahara ukiingia.

07:40 Salma Katibu: Tuseme Jumamosi saa tisa na nusu, Michigan ya kwanza Zuhura akiwepo, hizo nyingine tutaona. Juma, nyumba ipo?

08:15 Salma Katibu: Juma?

09:02 Mama Neema: Maandazi nipike ya watu wangapi?