Kocha anayekaa kimya: niendelee au nirudi kwenye mstari?

Mwalimu wa Mbagala

Habari za jioni wanajukwaa. Ninafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka 17 huku Mbagala, timu ya mtaa isiyo na mishahara wala uwanja wake, na ninaomba ushauri wenu kuhusu jambo lililoanza kunitenganisha na viongozi wangu.

Msimu uliopita niligundua kwamba beki wangu wa kushoto, kijana mwenye mguu mzuri kuliko wenzake wote, kila anapopata mpira hunitazama mimi kwanza ndipo autazame uwanja, na muda huo mdogo humtosha winga wa wapinzani kumfikia. Nilipowachunguza wengine nikaona wote wamezoea kungoja sauti yangu, "toa", "rudi", "piga", kama abiria mgeni anayemsubiri konda amtajie kituo. Kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo tangu msimu huu uanze nimeacha kusimama kwenye mstari: ninakaa nyuma ya goli letu juu ya ndoo iliyopinduliwa, sisemi neno, na wakati wa mapumziko wachezaji wenyewe hupanga vizibo vya soda mchangani, wakavisogeza na kubishana nani alimwacha nani, mimi nikisikiliza tu.

Tumecheza mechi tano, tumeshinda mbili na kufungwa tatu, na ile ya mwisho tulifungwa mabao 4 kwa 1 huku mabeki wakigombana waziwazi. Mlezi wetu, ambaye ndiye anayenunua jezi na kulipa ada za mashindano, aliuliza mbele ya vijana kocha anayekaa kimya analipwa kwa kazi gani. (Sikumkumbusha kwamba silipwi.) Je, niendelee, au nirudi kupiga kelele kama wenzangu kabla timu haijanifia mikononi?

Mkongwe wa Riadha

Mwalimu, mimi ni mtu wa mbio, si wa mpira, lakini swali lako limenikumbusha fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch mwaka 1974. Desturi ya mbio zile ilikuwa kujificha ndani ya kundi, kuviziana, kisha kufyatuka mzunguko wa mwisho. Filbert Bayi wetu aliongoza tangu mwanzo hadi utepe, akatumia dakika 3 na sekunde 32.16, ikawa rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand aliyemfukuza mpaka mwisho naye akawa chini ya rekodi ya zamani ingawa alishika nafasi ya pili. Watu husimulia ujasiri wa Bayi wakayasahau mapafu yake. Mwambie mkimbiaji asiye na pumzi aende vile vile, atazimika kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho, na watazamaji watasema mbinu ndiyo mbovu.

Vijana wako wameishi na sauti yako kwa muda mrefu, nawe umeizima kwa siku moja. Kianze kimya hicho mazoezini, wakicheza wao kwa wao, nahodha akisimamia na wewe ukijizuia usipulize filimbi hata wakikosea. Wakizoea, nenda kwenye mechi za kirafiki, na mashindano yawe ya mwisho.

Shabiki wa Temeke

Kwa hesabu hiyo, Mkongwe, hakuna jipya litakaloanza. Dick Fosbury, mrukaji wa juu wa Marekani, alipopita juu ya ufito kwa mgongo kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaruka mita 2.24 na kuchukua dhahabu, angesikiliza wazee wa pole pole angekuwa bado anaruka kwa mtindo wa zamani wa mkasi, mguu mmoja baada ya mwingine.

Mkongwe wa Riadha

Ndugu yangu, umesahau magodoro. Warukaji wa zamani waliangukia mchanga au vumbi la mbao, na mahali kama hapo kuangukia mgongo na shingo ni kujitakia jeneza. Mbinu ya Fosbury iliwezekana kwa sababu pa kuangukia palikuwa pamebadilika. Tena hakuianzia Mexico, aliijenga kidogo kidogo tangu akiwa mwanafunzi wa sekondari.

Kipa Mstaafu

Mimi naona tatizo la Mwalimu haliko uwanjani. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2014, Uholanzi na Costa Rica, Louis van Gaal alimtoa kipa Jasper Cillessen muda wa nyongeza ukikatika, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul akaokoa mbili, Uholanzi ikashinda kwa 4-3, na dunia nzima ikamsifu kocha. Sisi makipa tulimtazama Cillessen, ambaye alitoka akaipiga teke chupa. Krul alikuwa ameambiwa mapema kwamba huenda akaingia, mwenzake hakuambiwa. Siku chache baadaye, katika nusu fainali dhidi ya Argentina, nafasi zote tatu za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimetumika, Cillessen akabaki golini, hakuokoa penalti hata moja, na wakatolewa kwa 4-2. Sisemi alikosa kwa sababu ya chupa ile, ila nisingependa kusimama golini nikijua kocha wangu ananionaje.

Sasa nijibu, Mwalimu: kabla hujakalia ndoo, ulimweleza nani? Mlezi? Nahodha?

Mama Kiungo

Mwanangu anacheza timu ya rika hilo hilo, na sisi wazazi tukimwona kocha amekaa nyuma ya goli tutadhani amesusa. Tuambieni, tutaelewa. Lakini naomba pia umfikirie huyo beki, kwa sababu akienda kufanya majaribio kwenye timu kubwa atakutana na kocha wa kelele, hivyo ajue kusikia na kucheza kwa pamoja.

Mwalimu wa Mbagala

Shikamoo Mkongwe, na asanteni nyote. Kipa, umenigusa penye kidonda: nilimweleza nahodha peke yake, tena njiani ndani ya daladala, na mlezi nikamwacha agundue mwenyewe. Nimempigia simu leo mchana. Hakufurahi, lakini amekubali kuja mazoezini Jumamosi na kukaa nami karibu na vile vizibo, asikie vijana wanavyosema. Kwenye mashindano nitarudi mstarini kwa muda, nikiwa na ruhusa ya kuwapanga mabeki tu wakati wa kona, maana ndipo tulipofungwa mabao mawili kati ya yale manne. Ndoo nitaibakiza mazoezini.

Mama, kuhusu beki: katika mechi ile tuliyofungwa alipata mpira karibu na mstari, akainua kichwa, hakunitafuta, akatoa pasi kwa mtu asiye sahihi.

Nilisimama kwenye ndoo kushangilia, na nadhani hapo ndipo mlezi alipokasirika.